Sauti Huinamia Baridi

Anayeishi nusu kilomita kutoka msikitini hahitaji kufundishwa jambo hili: adhana ya alfajiri humfikia neno kwa neno akiwa bado kitandani, ilhali ya adhuhuri, ya muadhini yuleyule na kipaza sauti kilekile, humfikia vipande vipande au isimfikie kabisa. Muulize sababu, atakujibu kwamba alfajiri kumetulia. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Utulivu huondoa makelele yanayoifunika sauti. Hauiongezei sauti yenyewe chochote. Mtu akiweka kifaa cha kupimia nje ya dirisha, alfajiri ya mbingu safi isiyo na upepo, atakuta sauti inayofika pale ina nguvu kuliko ile ya mchana. Kuna kitu kimebadilika njiani, baina ya msikiti na dirisha.

Kilichobadilika ni joto la hewa, na hasa namna joto hilo lilivyojipanga kutoka ardhini kwenda juu.

Nimefundisha fizikia ya sekondari muda wa kutosha kujua mahali mada ya sauti inapokomea darasani. Mwanafunzi anaambiwa kwamba sauti ni mtikisiko, kwamba inahitaji kitu cha kupitia, kwamba hewani inakwenda mita 340 kwa sekunde au karibu na hapo. Anapewa hesabu za mwangwi na za ngurumo. Katika michoro yote sauti inakwenda moja kwa moja, kama vile hewa ni ileile kutoka kwenye nyasi hadi mawinguni. Kisha inakuja sentensi moja ya kupita: kasi ya sauti huongezeka hewa inapopata joto. Hapo daftari linafungwa. Kwangu mimi, sentensi hiyo ndiyo yenye uhondo wote wa mada. Ndiyo inayoamua nani mtaani atasikia nini na saa ngapi, kwa nini radi ya mbali humulika bila ngurumo yake kusikika, na kwa nini ugomvi wa muziki wa usiku haumaliziki kwa kupima mchana.

Tuanze na sababu yake. Ngozi ya ngoma inapopigwa haitupi hewa mpaka sikioni. Huibana hewa iliyo karibu nayo, hewa hiyo hujitanua na kuibana ya mbele yake, na hiyo nayo hivyo hivyo. Kinachosafiri ni msukumo. Hewa yenyewe hutikisika papo hapo ilipo. Wanaoupokezana msukumo huo ni molekuli zinazogongana, na molekuli haziwezi kufikisha habari mbele kwa kasi inayopita ile ya mwendo wao wenyewe. Joto ndilo kipimo cha mwendo huo. Hewa ikiwa na nyuzijoto 0 sauti hukimbia mita 331 kwa sekunde, na kila nyuzijoto moja inayoongezeka huiongezea kama mita 0.6. Kwa nyuzijoto 20 tunapata mita 343. Kwa 30 tunapata 349. Kanieneo ya hewa haina kauli hapa, ingawa wengi hudhani inayo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, lakini sauti huenda polepole zaidi Nairobi kwa sababu kuna baridi tu. Siku Nairobi na Mombasa zikiwa na joto sawa, kasi ni moja.

Mita 0.6 ni kitu kidogo, lakini si kidogo cha kushindwa kupimwa hata na shule isiyo na maabara. Mtafutie mwanafunzi ukuta mpana ulio peke yake, wa ghala au wa ukumbi, asimame mita 85 kutoka kwenye ukuta huo na kupiga makofi kwa mpigo ulio sawa. Kila kofi hurudi kama mwangwi. Wenzake wanamsikiliza na kumwelekeza, ongeza kidogo, punguza, mpaka mwangwi uangukie katikati kabisa ya kofi na kofi. Akishaukamata mpigo huo, wanachukua muda wa nafasi 20 baina ya makofi. Sauti imekwenda mita 85 na kurudi mita 85, jumla 170, kwa nusu ya kila nafasi. Asubuhi ya Juni pale Njombe, hewa ikiwa na nyuzijoto 12, nafasi 20 zitachukua sekunde 20.1. Dar es Salaam saa nane mchana, kwa nyuzijoto 32, zitachukua 19.4. Tofauti ya sekunde 0.7 inaonekana kwenye saa ya simu, na aliyeipata kwa mikono yake hataona tena kwamba kasi ya sauti ni namba ya kukariri.

Hata wakubwa wa fani hii walijikwaa kwenye joto. Isaac Newton aliikokotoa kasi ya sauti katika kitabu chake cha mwaka 1687 na jibu likatoka pungufu, kiasi cha kuhitaji nyongeza ya karibu sehemu moja ya sita. Vipimo vilikuwapo vya kumsuta: mwanzoni mwa karne ya 18 William Derham, kasisi wa Upminster huko Uingereza, alikuwa akipanda mnara wa kanisa lake na darubini, akitazama mmweko wa bunduki na mizinga iliyofyatuliwa maili kadhaa kutoka hapo, kisha akipima muda mpaka mlio umfikie. Kosa lilikaa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1816 Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa alionyesha liliko: Newton alichukulia kwamba hewa inayobanwa na sauti hubaki na joto lilelile, kumbe mbano huo ni wa haraka mno, hewa hupata joto na joto hilo halipati nafasi ya kutoka. Hewa yenye joto husukuma kwa nguvu zaidi, na sauti huenda mbio zaidi. Joto limo ndani ya sauti tangu inapozaliwa, kabla hatujazungumzia hali ya hewa ya siku hiyo.

Sasa tuje kwenye kupinda. Mtu anayesukuma mkokoteni kwenye lami akikosea kidogo na gurudumu la kushoto likaingia mchangani, mkokoteni wote hugeukia kushoto, kwa sababu gurudumu la mchangani limepungua mwendo na la lami linaendelea na kasi yake. Uso wa wimbi la sauti hufanya hivyo hivyo. Upande wake mmoja ukipita kwenye hewa ya baridi na mwingine kwenye hewa ya joto, upande wa baridi huchelewa, na wimbi zima hugeukia huko. Kanuni ni hiyo moja, haina kipengele cha pili: sauti hupinda kuelekea kwenye hewa ya baridi.

Mchana jua huchoma ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa moto. Hewa ya chini kabisa ina joto kali, ya juu yake kidogo ina nafuu. Sauti inayotoka kwenye spika ikienda sambamba na ardhi hupinda kwenda juu, kwenye baridi, na kuwapita juu ya vichwa watu walio mbele. Wao huachwa kwenye kivuli cha sauti. Kivuli hiki si kimya kamili, kwa kuwa hewa ya mchana imevurugika na hutawanya sauti kidogo kidogo kushuka chini, lakini upungufu wa desibeli 20 ni jambo la kawaida ndani yake.

Usiku mambo hugeuka. Mbingu zikiwa wazi, ardhi hupoteza joto lake kwenda angani na kupoa mapema kuliko hewa. Hewa inayoigusa hupoa nayo, ile ya juu ikabaki na joto la mchana uliopita. Sasa baridi iko chini, na sauti iliyoanza kupanda hupindishwa na kurudishwa ardhini. Hali hii huzidi kadiri usiku unavyokwenda na kufikia kilele chake muda mfupi kabla ya jua kuchomoza, ambao ndio wakati wa alfajiri. Mawingu hulipunguza jambo hili, kwa sababu hurudisha joto ardhini. Upepo pia, kwa kuwa huchanganya hewa ya juu na ya chini. Ufukweni bahari huzuia ardhi kupoa sana. Utalikuta kwa nguvu zake zote bara, kama Dodoma wakati wa kiangazi, na mabondeni ambako hewa ya baridi huteremka kutoka milimani na kujikusanya.

Tuliweke kwenye hesabu, kwa sababu bila namba mtu anaweza kudhani ni tofauti ya kubahatisha. Tuseme usiku joto linaongezeka nyuzijoto 2 kutoka ardhini hadi kimo cha mita 20, jambo la kawaida kabisa. Njia ya sauti inakuwa tao la duara lenye nusu kipenyo cha takribani kilomita 5.7. Chukua spika iliyofungwa mita 5 kutoka ardhini. Sauti inayotoka humo ikiinuka kwa digrii 4 tu itapanda mita 14 zaidi, itapita juu ya mapaa na miembe bila kugusa chochote, kisha itashuka kama mita 800 mbali. Sasa geuza tabaka hizo, joto liwe chini, kwa kiwango hicho hicho. Sauti ya spika hiyo hiyo, kwa msikilizaji aliyesimama, itaanza kuingia kivulini mita 370 tu kutoka ilipo. Kati ya mita 370 na mita 800 kuna nyumba nyingi ambazo mchana hazina habari na usiku hazilali.

Upepo nao una hesabu yake hapa, na mara nyingi huelezwa visivyo. Mtu akiita shambani na mwenzake aliye upande upepo unakotoka asimsikie, tunasema upepo umeichukua sauti. Upepo wa mita 5 kwa sekunde hauwezi kuichukua sauti inayokwenda mita 345. Ungeichelewesha tu kwa asilimia moja na nusu, na hilo sikio halilijui. Kinachotokea ni kwamba upepo una kasi ndogo karibu na ardhi, ambako nyasi na miti huuzuia, na kasi kubwa juu. Sauti inayokwenda kinyume cha upepo huzuiwa zaidi upande wake wa juu, basi hupinda kwenda juu. Inayokwenda na upepo husukumwa zaidi upande wa juu, basi hupinda kwenda chini. Mwanafizikia George Stokes alitoa maelezo hayo mwaka 1857, na miaka ya 1870 mhandisi Osborne Reynolds akayapeleka uwanjani na kengele. Aliweka kengele karibu na ardhi, akasogea kuelekea upepo unakotoka mpaka mlio ukapotea, kisha akainua kichwa. Mlio ukarudi. Haukuwa umechukuliwa kokote. Ulikuwa unampita juu yake.

Dawa ya kivuli, kwa hiyo, ni kimo. Misikiti mingi ya kale ya pwani yetu haikuwa na minara. Muadhini alipanda ngazi mpaka juu ya dari na kuadhini kutoka hapo. Michache ilipata minara mapema, kama ule wa umbo la pia wa Msikiti wa Mandhry kule Mombasa, unaohesabiwa kuwa wa karne ya 16. Kwa siku ileile ya jua tuliyoikokotoa, kuinua chanzo cha sauti kutoka mita 5 hadi mita 20 husogeza mwanzo wa kivuli kutoka mita 370 hadi mita 600 na kidogo. Sauti haikuongezwa hata chembe, na eneo la wanaoisikia limekuwa zaidi ya maradufu. Kimo kilifanya kazi hiyo karne nyingi kabla ya umeme, na hasa kwa adhuhuri na alasiri, saa ambazo hewa ya chini humdhulumu muadhini.

Aliyewahi kukaa usiku kando ya Ziwa Victoria, iwe Bukoba, Mwanza au Kisumu, ameona ziwa likimulikwa na radi kwa muda mrefu bila mlio wowote. Ziwa hili ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi mno duniani, na nyingi huja usiku, maji yakiwa na joto kuliko nchi kavu inayoyazunguka. Wapo wanaoamini kuna radi za kimya, za aina yake. Hakuna. Kila radi hunguruma, kwa sababu umeme huipasha hewa joto la maelfu ya nyuzi kufumba na kufumbua, na hewa hiyo hupasuka kwa kutanuka. Ila ngurumo hupita katika anga ambayo, kutoka juu ya tabaka la usiku lililo karibu na ardhi hadi kilomita nyingi juu, hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kila kilomita. Baridi iko juu, basi ngurumo hupinda kwenda juu. Hata sehemu ya umeme iliyo kilomita 4 angani, mlio wake hauwezi kumfikia aliye ardhini akiwa mbali zaidi ya kilomita 25 hivi. Ile iliyo kilomita 1 huishia kilomita 13. Mwanga hauna tatizo hilo, nao huonekana kutoka umbali wa kilomita mia na zaidi. Ndiyo maana kanuni ya kuhesabu sekunde, tatu kwa kila kilomita, ina maana kubwa kuliko inavyofundishwa. Ukiisikia ngurumo, hata hafifu, umeshajua kwamba radi iko jirani, na mtu aliye kwenye mtumbwi anatakiwa awe anapiga kasia kuelekea nchi kavu.

Wako viumbe wanaoishi na hewa hii kwa namna inayonivutia kuliko mfano wowote wa vitabuni. Mwaka 1984 Katy Payne, mtafiti wa Marekani, alikuwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland akihisi mtikisiko hewani karibu na tembo, bila kusikia kitu. Vifaa vilipoletwa vilionyesha tembo wanazungumza kwa sauti nzito chini ya hezi 20, mpaka ambao sikio la binadamu huishia. Baadaye yeye na mtafiti mwenzake Joyce Poole waliirekodi lugha hiyo kwa tembo wa porini kule Amboseli. Sauti nzito haimalizwi upesi na hewa: mlio wa hezi 4,000 hupoteza zaidi ya desibeli 20 katika kila kilomita kwa kunyonywa na hewa peke yake, wakati wa hezi 100 haupotezi hata desibeli 1. Lakini uzito wa sauti hautoshi kama hewa inaipeleka juu. Uchunguzi uliofanywa Etosha, Namibia, miaka ya 1990 ulionyesha kwamba jua likishazama na ardhi ya savana kuanza kupoa, mwito wa tembo unaweza kufika kilomita 10, mbali sana kuliko adhuhuri, na jioni ndiyo saa ambayo tembo huita sana. Kundi lililotawanyika mchana kutafuta malisho hupata habari zake wakati hewa inapoziruhusu.

Sauti nzito kuliko zote hupindishwa hata na anga ya juu sana, ambako tabaka la ozoni huipasha hewa joto tena na kuirudisha sauti ardhini mamia ya kilomita kutoka ilikotoka. Kwenye tabia hiyo umejengwa mtandao mzima wa kimataifa wa kusikiliza milipuko ya nyuklia, na kituo chake kimojawapo, IS32, kiko Nairobi. Volkano ya Krakatoa ilipolipuka tarehe 27 Agosti 1883, mlio ulisikika kama mizinga kwenye kisiwa cha Rodrigues katika Bahari yetu ya Hindi, karibu kilomita 4,800 kutoka hapo, saa nne baadaye. Gawanya mwenyewe, utapata kama mita 333 kwa sekunde, karibu na ile 340 ya darasani.

Narudi mtaani, kwa sababu huko ndiko ujinga wa somo hili unakowagharimu watu usingizi. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na Tanzania ina zake za mwaka 2015. Kanuni za Kenya huruhusu desibeli 50 nje ya nyumba za makazi mchana na 35 usiku, na usiku huanza saa mbili. Chukua tena spika yetu, itoe desibeli 100 ukiwa mita 1 kutoka kwayo, kiwango ambacho baa yenye muziki wa wazi hukifikia bila jitihada. Sauti ikitawanyika kawaida hupungua desibeli 58 ifikapo mita 800, inabaki 42. Usiku wa hewa iliyotulia hiyo 42 itafika. Imezidi kiwango kwa desibeli 7, na kwa kuwa desibeli huhesabiwa kwa kuzidisha, hiyo ni nguvu mara tano ya inayoruhusiwa. Saa nane mchana nyumba hiyo imo kivulini, zimepungua nyingine 20, imebaki 22 ambayo imezama chini ya pikipiki na watoto wa shule.

Sasa mlalamikaji ameandika barua, na ofisa anakuja kupima. Anakuja saa za kazi. Anaomba muziki uwashwe, anasimama kibarazani kwa mlalamikaji, kifaa kinaonyesha kelele za barabara tu. Anaandika kwamba malalamiko hayana msingi, na mama wa watu anabaki ameonekana mzushi mbele ya majirani zake. Nimeshasoma taarifa za namna hiyo, na zinaniudhi, kwa sababu kifaa hakikudanganya na aliyekishika hakudanganya. Walipima hewa nyingine.

Zaidi ya hapo, mwenye ukumbi akitaka amani hushauriwa ajenge ukuta. Ukuta wa mita 3 humsaidia jirani aliye nyuma yake, na mchana humsaidia hata wa mbali kidogo. Sauti ya usiku iliyopanda mita 14 na kushuka mita 800 mbele haikuwahi kukutana na ukuta huo. Kuziinamisha spika ziwatazame wachezaji badala ya upeo wa macho kunasaidia zaidi, kwa sababu ni ile sauti inayoinuka digrii chache tu inayorudi chini. Inayotoka kwa mwinuko mkali hupenya tabaka la joto na kwenda zake. Ila njia hiyo nayo ina mpaka. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, na spika ya nusu mita haiwezi kulielekeza. Besi hutoka pande zote, hata kwa nyuma. Ndiyo inayobaki ikidunda kwenye mabati ya nyumba ya mbali baada ya maneno ya wimbo kupotea.

Na hapo kuna kasoro ya mwisho ambayo ningependa wanaoandika kanuni waitazame. Vifaa hivi husoma kwa mizani inayoitwa A, iliyotengenezwa kufuata usikivu wa sikio kwa sauti hafifu, nayo huipunguzia sauti ya hezi 100 desibeli 19 kabla ya kuonyesha namba. Besi inayomtikisia mtu kitanda inaweza kuonekana halali. Karibu kila kifaa kizuri kina pia mizani C, ambayo haiigusi besi sana. Ofisa apime kwa zote mbili, mlangoni kwa mlalamikaji, kati ya saa nne usiku na alfajiri, na taarifa yake iseme kama mbingu zilikuwa wazi na upepo ulikuwa unatoka wapi. Namba ya A na ya C zikitofautiana kwa desibeli 15 au zaidi, ugomvi ni wa besi, na cha kushushwa kinajulikana.